Shimo Lisilo na Mwenyewe

Ekari mbili za makaburi ambazo Diwani Nzioka Masila alizipigania hadi akakonda zilikuwa na kila kitu isipokuwa maiti. Kulikuwa na ua wa seng'enge, lango la mabati, choo cha shimo, na kibao kilichosema kwamba hapo ni mahali pa kuzikia watu wote wa Kitengela bila malipo. Mbuzi walipenya chini ya seng'enge wakala majani. Watoto walicheza mpira na kulifanya lango kuwa goli. Kaburi halikuwepo hata moja.

Si kwamba watu hawakufa. Walikufa, na sana, mwaka huo wa 2004. Lakini Kitengela palikuwa mahali pa kazi na pa kupanga nyumba. Mtu aliweza kukaa hapo miaka mingi, akaoa, akazaa, akafungua kibanda cha mboga, ila akifa alikuwa na kwao: Kitui, Bungoma, Nyeri, Siaya. Wamaasai wenyeji walikuwa na ardhi yao. Kuzikwa katika ardhi ya kanjo, yaani ya baraza la mji, ilikuwa dalili ya mtu asiye na watu. Hivyo ndivyo ilivyosemwa, na hakuna aliyetaka isemwe juu ya maiti wake.

Kisha lori likaja likamwaga mawe ya kujengea ndani ya ua. Dereva alisema tajiri wake yuko Nairobi, jina hakulijua. Kesho yake vigingi vya kupimia vilikuwa vimepigwa kutoka pembe moja ya uwanja hadi nyingine. Nzioka alipanda gari hadi Kajiado kumwona mpimaji wa ardhi waliyefahamiana. Mpimaji alifunga mlango kabla ya kusema neno.

"Karatasi zako ni nzuri, Mheshimiwa," alimwambia. "Lakini karatasi hupotea. Kaburi halipotei. Weka moja tu, uone kama huyo mtu hatabeba mawe yake."

Njiani kurudi, Nzioka alikuwa na jina moja tu kichwani. Jina hilo lilikuwa Dalmas.

Dalmas alikuwa mfanyakazi wa shamba la maua. Homa ya mapafu ilimwangusha katikati ya msimu, na sasa alikuwa akilala mochari huku bili ikipanda kila kukicha. Ndugu zake wa Bungoma walimwambia mjane wake, Nakhumicha, asubiri wajipange. Baadaye wakazima simu.

Nzioka alimkuta Nakhumicha kwenye ploti anakopanga, akifua nguo za watu. Akageuza ndoo, akaikalia, akaanza kueleza. Alisema juu ya ardhi, juu ya tajiri, juu ya faida ya kuzika karibu ambapo watoto wataweza kuliona kaburi la baba yao bila nauli. Alisema kanjo itachimba, gari la kumleta marehemu litakuwa lake yeye diwani, na deni la mochari atazungumza nao. Alisema vizuri. Alikuwa na mazoea ya kusema vizuri mbele ya wafiwa. Wanawake waliokuwa kwenye mfereji wa maji wakaacha ndoo zijae na kumwagika.

Nakhumicha alimaliza kukamua shati ndipo akamtazama.

"Umetuzikia watu wengi, Mheshimiwa, na tunashukuru. Lakini huko kwa hiyo shamba yako, uko na kaburi la mtu wako?"

"Bado, Mama Melvin. Watu wangu wako hai."

"Basi anza na wako. Halafu utaniita."

Mmoja wa wanawake wa mfereji akasema, kwa sauti ya kutosha kusikika, kwamba diwani anatafuta mume wa mtu awe sampuli. Wenzake wakacheka wakiwa wameinama. Nzioka naye akacheka kidogo, kwa sababu mwanasiasa asiyecheka hapo huonekana ameumia. Akaamka, akairudisha ndoo mahali alipoitoa, akaenda zake.

Kilichomkera ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kusafirisha maiti wao. Alikuja Kitengela miaka ya tisini mwanzoni kuvunja mawe kwenye machimbo. Siku mwamba ulipomlalia mwenzao, hakuna aliyejua maiti husafirishwa vipi, na Nzioka akavua kofia akapita nayo kutoka shimo hadi shimo, akichangisha. Tangu siku hiyo, kila msiba uliletwa mlangoni kwake. Alijua maseremala wa majeneza, alijua madereva wanaokubali safari ya usiku, alijua wa mochari kwa majina ya watoto wao. Mwaka 2002 watu hawakumuuliza chama. Walisema, huyu ndiye aliyemfikisha baba nyumbani, wakampa kura. Lakini katika safari zile aliona pia kinachobaki nyuma: cherehani imeuzwa, mtoto ametolewa shuleni, mjane amerudi kwenye chumba kitupu. Hapo ndipo wazo la makaburi lilipotoka. Kuwashawishi wakubwa wampe ardhi kulikuwa kazi. Kuwashawishi watu waitumie kuliishinda kazi hiyo.

*

Mama yake Nzioka, Mukonyo, alifariki Jumapili asubuhi, Kalekye akimpozea uji.

Alikuwa ameletwa kutoka Makueni miguu ikiwa imevimba, ili awe karibu na daktari, na Kalekye, mke wa Nzioka, ndiye aliyemwogesha, akamlisha, na kumgeuza kitandani. Wawili hao walizungumza Kikamba kutwa nzima wakati Nzioka yuko mikutanoni. Jioni moja kikongwe alisikia habari za makaburi mapya, akacheka mpaka akakohoa. Alimwambia Kalekye kwamba mtoto wake ni mtu mwema lakini asije akamlaza huko. Yeye ana nafasi yake Makueni, kando ya mumewe. "Huko kwenu ukilala, kulia ni Mluhya, kushoto ni Mkikuyu," alisema. "Mimi nitazungumza na nani?"

Kalekye alicheka naye. Hakudhani siku ya kuyakumbuka maneno hayo iko karibu hivyo.

Nzioka alipoitwa kutoka kanisani alipiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono wa mama yake ambao ulikuwa bado una joto. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la uwanja na vigingi. Alilifukuza, likarudi. Saa za jioni ua wake ulijaa watu waliokuja kumpa pole, na katika pole zile alisikia kitu kingine. Walimpa mkono, kisha wakamtazama usoni kama watu wanaosubiri jibu. Kwenye viti vya nyuma mtu alisema, "Sasa tutaona." Hakuna aliyemkemea.

Basi Nzioka akasimama. Aliwashukuru, akasema kwamba hajawahi kuwaambia wafanye jambo ambalo yeye hawezi kulifanya, na kwamba mama yake atazikwa hapa hapa Kitengela, katika makaburi ya wote. Wanaume wakaanza kukubali kwa vichwa na kunong'ona, na yeye akajua amewapata. Hakuwa bado amempigia simu kaka yake, Kimanzi.

Wachimbaji waliingia kazini Jumatatu. Udongo mweusi wa Kitengela ukiwa mkavu hupasuka, na chini yake kuna mwamba, kwa hiyo walichimba kwa sururu na mtaimbo, wakipokezana, na watu walipita makusudi ili waone. Nakhumicha naye alipita. Alitazama kisha akaenda zake.

Jikoni, Kalekye alikuwa akichagua mchele wa wageni. Nzioka aliingia akasimama mlangoni.

"Kimanzi anakuja kesho na shangazi," alisema. "Atauliza kama mama aliacha neno."

Kalekye aliendelea kuchagua.

"Mama Roy, wewe ndiye uliyekuwa naye. Wewe tu. Ukisema hakusema kitu, hakuna wa kupinga."

"Na wewe unajua alisema nini?"

"Sijui. Nisingependa kujua."

"Unajua," alisema Kalekye. "Ungekuwa hujui, usingekuja jikoni."

Nzioka akamweleza habari ya mawe na tajiri, na kwamba wiki ikipita bila kaburi kazi yote imekwenda, na kwamba mama alikuwa mtu wa kupenda watu, angeelewa. Kalekye hakubisha. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa amepika chai ya misiba ya watu wengine, akalaza wafiwa wa watu sebuleni, akauza kuku wake kusafirisha baba za watu. Alijua pia kwamba mumewe hasemi uongo juu ya ile ardhi.

"Nitasema hivyo," alimjibu hatimaye. Kisha akamwomba atoke, kwa sababu alikuwa anamzibia mwanga.

*

Kimanzi alifika na shangazi yao katika pikapu ya kukodi ambayo nyuma ilikuwa na blanketi na kamba za kufungia jeneza. Alikuwa mkubwa wa Nzioka, mtu wa ng'ombe na shamba, na alivaa koti la suti juu ya sweta. Hakukubali kukaa kwenye kochi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango kama mtu aliyekuja kuchukua kitu chake.

"Nimesikia maneno kwa watu njiani," alianza. "Nikasema hapana, ndugu yangu angenipigia."

"Nilitaka nikwambie uso kwa uso."

"Basi uso ndio huu."

Nzioka alieleza. Kimanzi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hilo lilikuwa baya kuliko kukatizwa.

"Kazi yako ni nzuri, hatukatai," alisema. "Lakini tafuta maiti mwingine. Sisi tumeshachimba, kando ya baba. Tangu jana liko wazi, na unajua kwetu shimo la mtu halifukiwi tupu."

"Hata hapa limechimbwa."

Shangazi, ambaye alikuwa bado hajasema neno, aliweka kikombe chini. "Mashimo mawili, maiti mmoja," alisema. "Sasa tutamgawa?"

Kimanzi alimgeukia mdogo wake. Hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba wakati yeye alipoondoka kwenda kuvunja mawe, kuna aliyebaki na mama wakati wa njaa. Kwamba nyumba ya mama iko Makueni, na mwembe alioupanda, na mume wake. Kwamba siasa ina mambo mengi ya kutumia, fulana, kofia, unga, na yeye hajawahi kumlaumu. "Lakini mama yetu umtumie kama kura, Nzioka?"

"Si kura. Uchaguzi uko mbali. Ni watu hawa. Wewe hujaona ninachokiona."

"Nimeona kwamba wamekuambia uanze na wako. Hayo ndiyo niliyoyasikia njiani. Mwanamke wa kufua nguo amekuambia, na wewe ukaona aibu." Kimanzi akageuka upande wa pili wa sebule. "Mama Roy. Wewe ndiye uliyemlisha mpaka mwisho, na tunakushukuru. Yeye mwenyewe alisema nini?"

Kalekye alikuwa amesimama na birika. Aliitazama ile birika.

"Hakusema kitu," alijibu.

"Hata kidogo?"

"Hakusema."

Shangazi alimtazama kwa macho ya mtu aliyezika wengi. Kalekye hakuinua uso. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho, na Nzioka aliliona. Katika mikutano ya wanawake, kanisani, sokoni, neno la Kalekye lilichukuliwa bila kiapo. Watu walisema diwani anaweza kukosea, ila mama Roy akisema ndiyo ni ndiyo. Sasa alikuwa amesimama mbele ya shemeji yake amebeba uongo ambao mumewe ndiye aliyemtwika, na alikuwa tayari kuubeba mpaka kaburini kwa yule mwanamke aliyemwogesha.

"Alisema," alisema Nzioka. "Alitaka kwenda nyumbani. Mimi ndiye niliyemwambia mke wangu anyamaze."

Kimanzi hakushangilia. Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Haya," alisema. "Tumalize chai, twende tukamchukue."

Nzioka alimfuata mkewe jikoni. Kalekye alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Nimesema kweli," alisema Nzioka.

"Umesema baada yangu," alijibu Kalekye. "Ungeweza kusema kabla."

*

Walimzika Mukonyo Makueni, kando ya mumewe, katika udongo mwekundu unaochimbika kwa urahisi. Nzioka alizungumza kama mtoto wa mwisho anavyozungumza, maneno machache, na Kimanzi akamshika bega walipokuwa wakirudisha udongo. Kalekye alikaa na wanawake wengine.

Habari zilikuwa zimefika Kitengela kabla yao. Buchani waliuliza kwa upole kama safari ilikuwa njema, na mtu akasema kwamba kumbe hata wakubwa wanajua njia ya kwao. Wanawake wa mfereji waliyaita makaburi yale "ya wapangaji". Wachimbaji hawakutaka kumwangalia. Walikuwa wamepasua mwamba bure. Vigingi vilikuwa vimeongezeka.

Mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akichunga karibu na lango alimsimamisha, akamsalimu kwa Kimaasai.

"Sopa, Mheshimiwa."

"Ipa, mzee."

"Mbuzi yangu jana karibu ingie kwa ile shimo. Iko na mwenyewe?"

"Halina," alisema Nzioka. "Nitalifukia."

Alirudi asubuhi iliyofuata akiwa peke yake, na jembe begani. Hakutaka kumtuma mtu. Alijua maana ya kufukia shimo tupu, na aliona kwamba kama lina balaa, balaa hiyo imwangukie yeye. Alipofika alimkuta Nakhumicha amesimama ukingoni, leso imefungwa kiunoni, mikono imekunjwa.

"Usifukie," alisema.

Nzioka aliteremsha jembe. "Mama Melvin, leo sijakuja kukuomba."

"Najua. Ungekuja kuniomba, ningekataa."

Udongo uliochimbuliwa ulikuwa umeshakauka na kuwa mabonge magumu.

"Jana nilipiga simu Bungoma tena," Nakhumicha alisema. "Mtoto akashika. Akasema baba ameambia yeye aseme hayuko. Mtoto mdogo hivyo, hajui kudanganya vizuri." Alisogeza bonge moja kwa kidole cha mguu. "Nilisikia umepeleka mama yako. Nilikasirika sana. Nikasema, sasa huyu, wake anampeleka, wetu ndio anataka wabaki. Halafu usiku nikafikiria. Mtu akiwa na watu wanamngojea, apelekwe. Dalmas hana anayemngojea ila mimi, na mimi niko hapa. Nimechoka kumwacha mtu wangu kwa friji ya wenyewe."

"Nitafanya kila kitu."

"Fanya. Lakini kuna moja. Hutahutubu."

Nzioka alimtazama.

"Sitaki neno la ardhi wala la tajiri. Sitaki kusikia eti Dalmas amejitolea. Hakujitolea, alikuwa mgonjwa. Aombewe kama mtu, awekwe, tuende."

"Sawa, mama."

*

Siku ya mazishi ya Dalmas, Kalekye ndiye aliyepika. Hakuulizwa, aliamka akawasha moto, na wanawake wa mfereji, walipoona moshi, wakaja na sufuria zao. Wenzake Dalmas wa shamba la maua walipewa ruhusa ya nusu siku. Walikuja na sare zao za kijani na mashada yaliyofungwa kwa kamba, maua ambayo hayakufaa kusafirishwa. Mchungaji aliomba kwa Kiswahili, na mama mmoja jirani akaimba kwa Kibukusu mpaka sauti ikamkauka.

Ilipofika nafasi ambapo kwa kawaida diwani huitwa, mchungaji alimtazama, na umati pia ukamtazama. Nzioka alitikisa kichwa. Alivua koti, akampa mkewe, akateremka ndani ya shimo pamoja na mchimbaji mmoja ili waupokee mwisho mzito wa jeneza, kwa sababu mwamba wa upande huo ulikuwa umeachwa na kipembe. Alipotoka suruali yake ilikuwa nyeusi hadi magotini. Watu waliomjua kwa miaka yote ya misiba hawakujua wafanye nini na kimya chake, wakaanza kurudisha udongo.

Kijana mmoja aliyewekwa na tajiri kulinda mawe alikuwa amesimama kando, kofia mkononi. Kigingi kimoja kilikuwa karibu na miguu ya Dalmas. Alikitazama, akawatazama watu, kisha akakivuta, akakitupa kwenye majani.

Walipokuwa wakiondoka kwenda kula, Nakhumicha alibaki. Kalekye alibaki naye, amemshika kiwiko. Nzioka alikuwa akikusanya majembe.

"Baba Roy," Nakhumicha aliita. Hakuwahi kumwita hivyo kabla. "Hapa kando yake ni pangu. Usimpe mtu."

"Wewe bado kijana, Mama Melvin."

"Sikuulizi umri. Weka alama."

Nzioka alichukua jembe akachora mstari mrefu ardhini, upande wa kulia wa kaburi, akaacha nafasi ya kumtosha mtu.

"Si huko," alisema Nakhumicha. "Yeye alikuwa akilala upande wa ukuta, mimi upande wa mlango."

Nzioka alisimama na jembe, akatazama huku na huku. Ulikuwa uwanja mtupu, majani na seng'enge na upepo wa kutoka Athi.

"Mlango tuseme uko wapi, mama?"

Nakhumicha naye akatazama. Alikunja uso dhidi ya jua, kisha akanyoosha mkono kuelekea lango la mabati.

Nzioka aliufuta ule mstari kwa kiatu, akazunguka kaburi, akaanza kuchora mwingine upande wa pili.